Injini ya Mkono wa Kushoto

Mlioniandikia wiki hii mkinihimiza nimsamehe shemeji yangu Hemedi, eti damu ni nzito kuliko maji, stempu zenu mmezipoteza bure. Damu yake si yangu. Mimi nilikuwa mke wa kaka yake, na ukoo wake haukuniacha nisahau hilo hata siku moja.

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita asipotee. Mimi ni Aziza, mjane wa Feruzi, muuza mpunga wa Opala hapa hapa Kisangani. Haya ni ya enzi ya Zaire, Chama kikiwa kimoja na majina ya kizungu yamepigwa marufuku, ingawa mitaani tuliendelea kuitana hayo hayo. Nilipokuwa ndani ya eda, ndugu wa marehemu walikuja kunipa pole wakaondoka na kitanda, cherehani na redio. Landrova waliiacha. Ilikuwa imekufa kwenye matope ya njia ya Opala, ikavutwa hadi uani kwangu, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Hemedi alilipiga teke gurudumu.

"Hii uizike pamoja na bwana yako," akasema.

Sikuizika. Nilimtafuta Benoît, fundi wa mashua kule bandarini, fundi wa maneno kwanza na wa vyuma baadaye. Ile injini ndogo ya petroli tukaitupa. Akaniletea ya dizeli, silinda sita, iliyotoka kwenye vedette, zile mashua za kasi walizokuwa nazo matajiri. Ilikuwa ndefu mno. Akakata bati la mbele, akasogeza rejeta, akaikalisha juu ya vipande vya chuma cha reli. Na kwa kuwa nguvu zile zingevunja shafti za zamani kama miwa, tukanunua ekseli mbili za Toyota mpya iliyotumbukia mtoni daraja lilipokatika. Mafundi wetu wanaziita pont. Akazichomelea vikalio vya springi, akazifunga, akajisifu.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Benoît alipotia gia ya kwanza, mtaa mzima ukitazama, na Landrova ikaruka kinyumenyume ikaingia jikoni kwa jirani.

Jirani mwenyewe, Odile, alitoka na mwiko mkononi, sombe, mboga ya majani ya muhogo, imemrukia hadi kilembani.

"Aziza! Jiko yangu!"

"Nitajenga jiko yako. Ngoja kwanza niue huyu mutu."

Benoît hakunisikia. Alitia gia ya pili. Landrova ikarudi nyuma kwa kasi zaidi, ikamaliza ukuta uliobaki. Akatia gia ya nyuma, na gari likatoka jikoni polepole, likielekea mbele, likinguruma kwa hasira.

"Papa Benoît, boîte ya gia umeifunga mubaya?"

"Boîte iko muzuri."

"Ao pont?"

"Pont iko muzuri, Mama."

"Alors, ni nini?"

Akazima injini. Akajipangusa mikono. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo sitalisahau mpaka nife.

"Mama, vedette iko na moteur mbili. Moya ya kuume, moya ya kushoto. Kama zote zinazunguka upande moya, vedette inapinda, inapiga mawe. Donc, ile ya kushoto banaitengeneza izunguke kinyume. Ni vile."

"Na weye uliniletea gani?"

"Ya kuume ilikuwa na kutu."

Nilivua kandambili nikamrushia. Ilimkosa, ikampata Odile. Siku hiyo sikuwa na bahati hata ya kupiga mtu.

Katika mji mwingine fundi angekosea kwa kuleta injini ya lori mbovu. Sisi watu wa mto tukiona injini nzuri imelala kwenye tope tunaichukua, wala hatuulizi ilikuwa ubavu gani wa mashua. Basi nikawa na gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

"Dawa iko," Benoît alisema akiwa mbali na kandambili ya mguu wangu wa pili. "Tunapindua pont ya nyuma, tumbo juu. Ya mbele tunaifungua shafti, isifanye kazi. Gari inarudilia akili yake."

"Basi pindua."

"Kisha fête, Mama. Niko peke yangu. Ile pont iko nzito sana."

Fête ilikuwa sikukuu ya Chama, na mji mzima ulikuwa unapaka chokaa na kufundishwa kucheza. Mpunga wangu haukuweza kusubiri ngoma za watu. Kesho yake nikaingia mwenyewe kwenye Landrova, nikaweka gia ya nyuma, nikaenda sokoni. Ilikwenda kwa mwendo wa bi harusi, injini ikipiga kelele za meli. Watu walitoka kwa vinyozi, wakatoka hadi msikitini kutazama.

"Aziza ameifufua ya Feruzi!" walipiga makofi.

Ningesema ukweli. Ningesema jamani, iko mgonjwa, msione ikitembea. Badala yake nikapunga mkono kama waziri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilificha uchi wa gari langu kwa sababu ya makofi.

Kando ya barabara, ndani ya abacost mpya, ile suti isiyo na tai ya watu wa Chama, iliyopigwa pasi, alikuwa amesimama Hemedi. Hakupiga makofi. Alitazama magurudumu yanavyokwenda mbele.

Alikuja kwangu na vijana wawili wa Chama wenye beji kifuani. Wakati huo Hemedi alikuwa dereva wa Kamishna wa zone yetu, na dereva wa mkubwa hujiona naye mkubwa nusu.

"Shemeji, habari ya hapa?"

"Ilikuwa muzuri mpaka umefika."

"Citoyen Commissaire anahitaji gari ya wazi kwa défilé, gwaride ya fête. Atasimama ndani, asalimie batu. Ya kwake iko en panne, imekufa. Nimemuambia siye tuko na Landrova."

"Siye nani?"

"Ukoo. Kitu ya kaka ni kitu ya ukoo. Nimemuambia iko yangu. Kisha fête itabakia kwa garage yake, chini ya mukono yangu."

"Hemedi, ulisema niizike."

"Ilikuwa maiti. Sasa iko muzima, na muzima iko na ndugu."

Vijana wakacheka. Mimi nilijaa chuki, na sioni haya kulitaja hilo neno. Kabla sijaitengeneza nilimwomba mtu huyu mbele ya imamu, nikamwomba mbele ya shangazi zake, aseme neno moja tu: kwamba Feruzi aliniachia mimi hiyo gari. Feruzi alimwambia kwa kinywa chake, akiwa kitandani, nami nimemshika mkono. Hemedi alijibu kwamba wagonjwa husema mengi.

Nikaona heri niseme ukweli, labda ubovu utaiokoa.

"Gari haiwezi défilé. Haiendi mbele."

"Nimeiona na macho yangu ikienda soko."

"Ilikuwa na marche arrière, gia ya nyuma."

Wale vijana walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Hemedi hakucheka. Alinisogelea.

"Nani alishaona gari inaenda mbele na marche arrière?"

"Moteur inazunguka kinyume. Ukitia première, gia ya kwanza, inarudi nyuma. Muulize Benoît."

Benoît alikuwa palepale, chini ya Landrova, miguu imechungulia nje. Nikamvuta. Mtu ambaye kwa siku za kawaida huwezi kumfunga mdomo hata kwa kamba ya mashua, aliziangalia zile beji akaangalia ardhi.

"Miye ni wa kufunga boulon, bolti tu," alisema. "Ya moteur siyui kitu."

"Papa Benoît!"

"Siyui kitu, Mama."

Hemedi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo.

"Ona. Hata fundi yako hataki bongo, uongo yako. Shemeji, utaileta weye mwenyewe, imesafishwa, na tanki imejaa mazout. Miye nitapanda pale pale. Na kama hauileti, batakuja kukuchukua weye."

Walipoondoka nilimkamata Benoît kwenye ukosi. Nilimtukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipokwisha nikaendelea kwa Lingala. Alisema tu kwamba akianza kupindua ekseli sasa, sikukuu itafika gari likiwa bado limefunguliwa chini, na Kamishna atasema tumemfanyia kusudi. Kisha akaenda zake.

Siku ya sikukuu niliipeleka. Ningefanya nini? Niliiosha, nikafunga bendera mbili za Chama, nikavaa kitenge chenye picha ya Kiongozi kama tulivyoamriwa sote, nikaendesha kwa gia ya nyuma hadi barabara kubwa. Benoît alitokea njiani akapanda. Nadhani woga ulimshinda kukaa nyumbani akisubiri kusikia habari.

Waliniweka nyuma ya mstari wa walimu. Nyuma yangu ilisimama fanfare na matarumbeta yao, na nyuma ya fanfare kulikuwa na jukwaa la mbao lenye picha ya Kiongozi, kubwa kama nyumba. Mashangazi wa Feruzi walikuwa wamepanga mstari wa mbele upande wa wanawake, vitenge vipya, macho kwangu.

Kamishna alifika. Mtu mnene, si mbaya wa sura, anatoa jasho. Alipanda nyuma, akashika bomba la chuma, akajaribu kusimama vizuri. Hemedi akafungua mlango wangu.

"Shuka."

"Hemedi, sikia."

"Shuka, nakuambia. Batu banaangalia."

Nilishuka, lakini nikashikilia mlango.

"Weka marche arrière. Itaenda mbele. Usiguse première."

Alinikazia macho, na nikaona kwamba anaogopa. Hakuwa anaogopa gari. Alikuwa ananiogopa mimi.

"Unataka nirudi nyuma mbele ya Chama? Mbele ya picha? Unataka banifunge, ubaki na gari?"

"Naapa kwa roho ya kaka yako."

"Usitaje kaka yangu."

Kamishna aliinama. "Huyu mama anasema nini?"

"Ni mujane ya kaka yangu, Citoyen Commissaire. Tangu kilio, kichwa haiko muzuri."

Pale nilichemka. Nikaweka mdomo wangu kwenye sikio la Hemedi, nikasema mara ya tatu, "Marche arrière, wee mupumbavu. Marche arrière." Nilisema ukweli mtupu, na Mungu ni shahidi. Kama niliusema kwa sauti ambayo yeye hawezi kuiamini, basi sauti hiyo alinifundisha mwenyewe.

Ngoma zikaanza. Mtu wa kipaza sauti akapiga kelele kwamba taifa linasonga mbele. Walimu wakapiga hatua. Hemedi alinitazama mara ya mwisho, akatabasamu, akatia gia ya kwanza, na kwa kuwa alitaka kuondoka kwa fahari mbele ya mji, akakanyaga mafuta mpaka chini.

Silinda sita zilifanya kazi yake. Landrova iliruka kinyumenyume. Kamishna alipinduka juu ya kioo akaangukia boneti, na kutoka boneti akateleza hadi lami. Wapiga tarumbeta walitawanyika kama kuku. Ngoma kubwa ililiwa nzima. Hemedi, maskini wa Mungu, alidhani amekosea gia, akatia ya pili.

Ile ya pili ndiyo iliyofika jukwaani. Nguzo moja ikavunjika, kisha nyingine. Picha ya Kiongozi ilisita juu, ikainama, ikalala juu ya Landrova na kuifunika yote.

Injini ikazimika.

Alikuja mtu mmoja mfupi, shati la kawaida, bila beji. Watu wa usalama siku zile uliwajua kwa jinsi wengine walivyowapisha. Wasaidizi wake waliiondoa picha kwa mikono miwili kama wanabeba mgonjwa. Hemedi wakamtoa kwa mkono mmoja.

"Umerudi nyuma mbele ya Kiongozi," yule mtu alisema. Hakupaza sauti. "Nani alikutuma?"

"Gari! Ni gari, chef! Nilitia première!"

"Première inarudi nyuma?"

"Chef, huyu mwanamuke aliniambia, lakini..."

"Alikuambia? Ulijua, na ukafanya?"

Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: nilifurahi.

"Gari iko ya nani?" mtu yule aliuliza.

"Haiko yangu!" Hemedi alipiga magoti na abacost yake yote. "Kweli ya Mungu, haiko yangu! Iko ya huyu Aziza. Kaka yangu Feruzi alimuachia yeye, yeye peke yake, niliskia na masikio yangu. Ukoo yetu haina hata boulon moya ndani. Muulize imamu! Muulize bashangazi!"

Mashangazi walitazama viatu vyao, lakini wote walikuwa wamesikia. Maneno niliyoyaomba kwa machozi, niliyokataliwa mbele ya imamu, mtu huyu aliyamwaga bure mbele ya Kisangani yote. Feruzi wangu akapata haki yake kwa kinywa cha mwizi.

Yule mtu alinigeukia. "Citoyenne. Ni kweli?"

Nyuma yangu Benoît alinivuta kitenge.

"Mama, kataa," alinong'ona. "Sema ni ya ukoo. Tafazali, Mama, kataa."

Nilidhani ananihurumia. Na alikuwa na hoja. Nikikataa, Hemedi anakwenda peke yake mahali wanapopelekwa watu, mimi narudi nyumbani kwa miguu, salama. Lakini Landrova inarudi kwa ukoo, au kwa Serikali, na neno la Feruzi linakufa mara ya pili, safari hii nikiliua mimi. Nikikubali, nimeliangusha jukwaa la Chama kwa gari langu mwenyewe.

Nilimtazama Hemedi pale chini. Aliniangalia kwa macho ya kuomba nikubali. Mara ya kwanza tangu nizaliwe mtu huyo aliniomba kitu.

"Ni yangu," nilisema.

"Yote?"

"Yote. Toka taa ya mbele mpaka bomba ya moshi."

"Na moteur?"

"Na moteur. Nilinunua na jasho yangu. Mutu ingine haina kitu mule."

Benoît aliachia kitenge changu.

"Fungueni capot ya moteur," mtu yule aliwaambia vijana wake. "Tuone ni sabotage, hujuma, ya namna gani."

Walifungua. Moshi ukatoka, ukaisha. Kamishna alikuwa ameinuliwa kutoka lami, kitambaa kwenye mdomo, damu kwenye ukosi. Alikuja akichechemea kutazama kilichomwangusha. Aliinama juu ya injini. Akakwangua grisi kwa ukucha, rangi ya kijani ikatokea. Akakwangua zaidi, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto wake.

Aliinuka, na hasira ya kuanguka ilikuwa imemtoka. Iliyoingia mahali pake ilikuwa ya namna nyingine.

"Mugriki moya wa biashara, siku Serikali ilifukuza bageni, ilinipa magasin yake na vedette yake," alisema. "Vedette ya moteur mbili, zote rangi ya kijani. Asubui moya nikaikuta iko na moya, ile yenye kutu."

Niligeuka haraka kumtafuta Benoît. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na Odile, mkono mdomoni, na nyuma ya Odile umati uliokuwa umeshafunga njia.

"Citoyenne," Kamishna aliniita. "Rudilia kidogo, batu bote basikie. Moteur iko ya nani?"

Kurudia hakukuwa na haja. Jibu nilikuwa nimeshalitoa, kwa sauti kubwa, na hakuna hata mmoja pale ambaye hakulisikia.